Chokaa ya Chumba ya Saba

Siku ile mulininywesha chai ya kuniaga ku hoteli, mumoja kati yenu alisimama na kusema: "Mama Masika, mbele ya kuenda, utuachie dawa yako ya kuondoa ile nyeupe ku robinet ya bomba." Mulicheka wote. Mimi nilikunywa chai yangu. Dawa yenyewe ni maneno mbili tatu, mais iko na habari murefu nyuma yake, na ile habari hainipambe hata kidogo. Sasa niko ku nyumba, hakuna mutu ananipigia kengele asubuhi, magoti inauma, nimenunua kaye na bic ya kuandikia. Donc nimeikaa na ninaandika. Habari ya nani alinipandisha chef ya usafi na nilikuwa ninalipwa ngapi, muulize ku bureau. Mimi nitasema ya maji.

Nilizaliwa Butembo. Kwetu maji ilitoka ku chemchem chini ya mashamba, baridi, na kama inaikala siku mingi mu ndoo inaacha rangi nyekundu kidogo. Nyeupe hatukuijua. Kile tulijua ni kusugua. Mama yangu alinifundisha kuchanganya muchanga ya muto na majivu, kushika gome ya mugomba, na kusugua sufuria mupaka unajiona sura ndani. Siku shangazi ya bwana yangu alikuja kuniangalia mbele ya ndoa, hakuniangalia mimi. Alienda moja kwa moja nyuma ya nyumba, akageuza masufuria yote, akaangalia matako yake. Kisha akasema: "Huyu anajua kazi." Njo vile nikaolewa. Kwa hiyo musishangae kama nilifika ku kazi na kifua juu.

Hoteli munaijua: Beni, ku barabara ya kwenda Oicha, vyumba kumi na mbili. Mwenyewe ni Mama Hadja, mama Muislamu ya Butembo, mwenye kuuzisha bintu ya plomberie, mabomba na vyoo, kwa jumla. Marobinet na malavabo, yale masinki ya kunawia, yote alileta yeye mwenyewe kutoka Dubai. Mais kipenzi yake ilikuwa ile baignoire ya chumba ya saba, ile beseni kubwa ya kulala ndani na kuoga. Ilikuwa moja tu mu hoteli yote. Siku inatoka Butembo, Mama Hadja alipanda lori mbele pamoja na chauffeur, na kila shimo ya barabara alikuwa anapiga kelele: "Polepole, baba! Polepole, hiyo si magunia ya muhogo!" Alikuwa anakuja kila juma mbili kukagua. Anavua bangili, anapitisha kidole ku lavabo, anaangalia kidole. Sisi tunaacha kupumua.

Siku yangu ya kwanza nilikuta marobinet iko na ganda nyeupe, ngumu, ku mudomo na ku shingo. Hoteli haikukuwa hata na mwaka. Nilicheka moyoni: aka, hawa bamama ya Beni hawajue kusugua! Nikaenda ku muto na ndoo, nikarudia na muchanga. Majivu niliomba ku cuisine, kwa mupishi. Nilianza na chumba ya saba, kwa kuwa ndiyo ilikuwa ya heshima. Nilipiga magoti pembeni ya ile baignoire siku mbili, nikasugua chini mule maji inaikalaka mbele ya kutoka, nikasugua mupaka bega ikavimba. Ile nyeupe ilitoka. Mama Hadja akaingia, baignoire ingali na maji maji, inang'aa. Akapitisha kidole. Akasema: "Huyu anajua kazi." Maneno ile ile ya shangazi! Nilirudi ku nyumba nikiimba.

Kisha kupita siku ine, nyeupe ikarudia. Nikasugua. Ikarudia tena, na mara hii ilikuja mbio kuliko ya kwanza. Nikaongeza muchanga.

Mwenye kunisimamisha ni Papa Kambale, plombier, fundi ya bomba, mutu mufupi mwenye kofia ya sufu hata mu joto ya Beni. Alikuja kutengeneza lavabo ya chumba ya tatu, akakuta punje ya muchanga ndani. Akaishika na vidole mbili, akaiweka ku jua.

"Mama, nani anajenga nyumba hapa?"

"Ni mimi, papa. Ninasugua uchafu."

"Uchafu gani?"

Nilimuonyesha ganda ya robinet. Akatosha ndimu mu mufuko ya koti, akaikata mbili na kisu, akaisukuma nusu ku mudomo ya robinet mupaka ikaingia yote. "Ikaa chini," akasema. Tukaikaa ku mupaka ya mulango. Akanisimulia habari ya mwana wake mwenye kusoma Butembo, nusu saa nzima. Kisha akasimama, akatosha ndimu, akapangusa na kitambaa laini. Ganda ikatoka yenyewe. Yoo! Nilishika ile robinet nikaigeuza huku na huku, nikatafuta fwasi, mahali amefichia ganda.

"Hii haiko uchafu," Papa Kambale akasema. "Ni jiwe. Maji ya forage, kisima ya kuchimbwa na mashine, inatoka chini sana, inapita mu chokaa, inakunywa chokaa. Hauwezi kuiona. Sasa tone inaikala ku robinet, inakauka, maji inaenda, jiwe inabaki. Kesho tone ingine. Unafikiri unasugua uchafu, kumbe unasugua mulima."

Alinifundisha yote siku ile. Robinet: nusu ya ndimu. Pommeau ya douche, kile kichwa ya kunyunyizia maji: sachet ya vinaigre, siki ya duka, unaitumbukiza ndani, unaifunga na kipande ya chambre à air, mupira ya ndani ya pikipiki, unangoja saa moja. Lavabo: kitambaa yenye kulowana vinaigre, unailaza juu kama unafunika mugonjwa. Hakuna muchanga, hakuna brosse ya chuma. Kisha unasukula na maji, na kisha, sikieni muzuri, unakausha. Kukausha njo kazi. Tone yenye haikauke hapo haiwezi kuacha jiwe hapo. Akaniweka kitambaa mu mukono ya kuume nijaribu. Mimi nikaihamisha ku kushoto.

"Ah, uko mutu ya kushoto," akasema. "Haina shida. Jiwe haiangalie mukono."

Kisha akauliza kama kuko chumba ingine nilipitisha muchanga. Chumba ya saba ilikuwa na mugeni ndani, mulango imefungwa. Nikasema: "Hapana, papa, ni lavabo hii tu." Bon. Mumesoma. Tuendelee.

Toka siku ile kichwa yangu haikutulia. Jiwe mu maji yenye kuonekana safi kama hewa! Nilichukua sahani tatu ya cuisine. Moja nikatia maji ya mvua, moja ya forage, na moja maji ya chemchem ya kwetu, yenye dada yangu alinitumia mu chupa kutoka Butembo, akiuliza kama nimeanza uganga. Nikaziweka ku dirisha ya lingerie, chumba ya mashuka. Kisha kupita siku tatu zikakauka. Ya mvua: hakuna kitu. Ya Butembo: kivuli kidogo tu, rangi ya chai. Ya forage: muviringo nyeupe, kavu, unaikwangua na kucha inatoka unga. Nikakamulia ndimu juu yake, ikatoa mapovu. Nikaweka sikio. Inalia, batu ya Mungu! Inalia tss tss tss, kidogo sana. Niliifanya tena mara tano, na mupishi akanifukuza juu ya kumaliza ndimu ya samaki.

Papa Kambale aliniambia kwamba mbele ya Oicha, mbali kule mu pori, kuko mapango yenye mawe inaning'inia juu, na ni tone tu ilijenga ile mawe, tone kwa tone, myaka isiyohesabika. Nikarudi mu chumba ya tatu nikaangalia robinet kwa heshima. Kumbe ilikuwa inajenga pango, na mimi kila juma ninaibomoa.

Halafu vinaigre ikakosa. Barabara ilikuwa mubaya, malori hayapite, na ndimu haitoshe vyumba kumi na mbili. Papa Kambale akasema: "Tafuta kasiksi yenye imelala, yenye imekuwa kali." Kasiksi ni pombe ya ndizi, na mimi niko muimbaji ya chorale, Muprotestanti ya kuzaliwa. Nilienda ku mama mwenye kuipika, nimejifunika kitenge ku kichwa mupaka ku macho. Bure! Nilitoka na bidon, dumu ya kasiksi, ku mukono, nikagongana na présidente ya chorale uso kwa uso. Nikamuambia ni ya kusafisha douche. Akajibu: "Ndiyo, Masika, wote banasemaka hivyo."

Na hoteli ni ya Mama Hadja! Siku alikuja kukagua alisimama mu mulango ya lingerie, pua juu.

"Masika. Nini inanuka pombe ndani ya nyumba yangu?"

"Siyo pombe tena, Mama Hadja. Ilikuwa pombe. Imegeuka."

"Imegeuka yenyewe, ama kuna kitu mumetia?"

"Yenyewe, mama. Imesahauliwa tu."

Akafungua bidon, akanusa, macho ikatoka machozi. "Hii ni siki," akasema. "Siki iliyogeuka yenyewe haina ubaya." Akaandika yeye mwenyewe ku bidon na kalamu nyekundu: SIKI, HAPANA KUNYWA. Mulinzi mumoja alijaribu. Hakujaribu mara ya pili.

Asidi ya batri, ile ya ku garage, naomba hata musiishike. Inatosha chokaa, ndiyo. Inatosha pia rangi ya robinet, ngozi ya mukono na macho ya mutu.

Sasa nifike ku kile sipendi. Vyumba yote ilipona, mais chumba ya saba ilikataa. Chini mu baignoire, karibu na tundu ya maji, kulikuwa doa nyeupe, kubwa kama sahani. Unaitosha na vinaigre leo, kesho kutwa iko. Mimi nilikuwa nimeshapewa vyumba ya juu, chumba ya saba ilikuwa ya wengine. Wa kwanza alikuwa Kahindo. Mama Hadja aliona ile doa mara tatu, akaniita mbele ya Kahindo. "Masika, huyu anasugua?" Nikajibu: "Hasugui vya kutosha, mama." Kahindo akafukuzwa. Kisha akakuja Mbambu. Doa ile ile, ulizo ile ile, jibu yangu ile ile. Mbambu naye akaenda. Na kila mara Mama Hadja alikuwa anasema mbele ya wote: "Muige Masika. Siku yake ya kwanza hii baignoire iling'aa."

Wa tatu ni Kavira. Munamujua wote: mujane, kwao Kalunguta, batoto ine ku masomo hapa Beni. Ilikuwa mwaka yangu ya mwisho ya kazi, niko chef. Mama Hadja akaona doa, akavaa bangili yake polepole. "Nikirudi kisha juma mbili nikute hii kitu, urudi kwenu Kalunguta."

Kesho yake nilimukuta Kavira amefunga dirisha ya chumba ya saba, kitambaa ku pua, chupa ya sucré, ile ya soda, mu mukono. Nikanusa, nikajua ni asidi ya batri. Nikamunyang'anya.

"Kavira! Unataka kupofuka?"

"Mama Masika, nipofuke ao nifukuzwe, gani inalisha batoto?" Akaikaa ku saruji na kulia. "Ninakausha, mama. Naapa ninakausha. Mais haikauke! Ni kama maji inaingia ndani."

Ile neno, inaingia ndani, ilinishika. Nikasahau kukasirika. Maji inaweza kuingia namna gani mu kitu yenye imepakwa emaye, ile rangi ngumu ya kung'aa, laini kama yai? Nilikuwa nimeangalia ile doa myaka mingi na sikukuwa nimeiangalia hata siku moja. Nikatosha kioo ya ukuta, nikamuambia Kavira ashike mu dirisha, apige jua mu baignoire kwa upande, chini chini. Jua ikalala juu ya emaye. Na tukaona: mikwaruzo. Elfu na elfu, nyembamba kama nywele, ku fwasi ya doa tu. Kitambaa haiwezi kuingia mule. Tone inaikala ndani, inakauka mule, inaacha jiwe mule.

"Nani alifanya hii?" Kavira akauliza.

Mikwaruzo ilikuwa imepinda, yote upande moja. Nikamuambia apige magoti pembeni, nikapaka kitambaa makaa, nikasema asugue ku fwasi safi kama kawaida yake. Akasugua na mukono ya kuume. Alama ya makaa ikapinda kulia. Tukaangalia mikwaruzo: imepinda kushoto. Nilitaka kujua tu, naapa. Sikukuwa ninafikiri kitu. Nikashika kitambaa, nikapiga magoti fwasi ile ile, nikasugua. Alama yangu ikalala juu ya ile mikwaruzo, mustari ku mustari.

Hapo njo muchanga ya muto ilirudia mu kichwa. Kavira aliangalia makaa, akaangalia mukono yangu.

"Sukula hii makaa," nikamuambia, na nikatoka.

Nisiwadanganye. Juma mbili ile nilitafuta njia. Nilisema moyoni nitamuomba Mama Hadja amuhamishe Kavira vyumba ya juu, doa ibaki, na mimi niache kazi, niende retraite na jina yangu muzuri. Hata nilipanga maneno. Kavira hakunikumbusha kitu. Alikuwa ananisalimia tu kila asubuhi, "Wavukire, mama," macho chini, na ile njo iliniua.

Mama Hadja akafika. Akavua bangili, akapitisha kidole ku doa, akageuka kwa Kavira. Nikasema: "Mama Hadja, ni mimi."

"Wewe nini?"

Nikamuomba ashike kioo. Nikapaka kitambaa makaa, nikapiga magoti, na magoti yangu munayajua, nikasugua mbele yake. Nikamuonyesha. Nikasema muchanga, majivu, juma yangu ya kwanza, na ukweli yenye nilimuficha Papa Kambale. Alisikiliza yote. Kisha akaikaa ku mupaka ya baignoire yake, mwenye hakuikalakamo hata siku moja.

"Kavira, rudi ku kazi yako," akasema. Kavira akatoka mbio. Mama Hadja akangoja mulango ifungwe. "Kahindo alilia hapa. Ulikuwa umesimama pale, ku mulango."

"Ndiyo, mama."

"Nilikuuliza, na ulinijibu."

"Ndiyo."

"Unajua Kahindo iko wapi sasa?"

"Hapana, mama."

"Umutafute. Na yule mwingine pia." Akavaa bangili. Akatoka, na baignoire iko palepale mupaka leo. Kavira anaikausha mara mbili, na kitambaa na kisha na taulo ya zamani, na doa inaonekana kidogo tu.

Mbambu ningali ninamutafuta, namba yake haipite. Kahindo nilimupata mwezi yangu ya kwanza ya retraite, Oicha. Nilipanda pikipiki. Alikuwa mu lupango, uwanja ya nyumba yake, anageuza kakao ku bâche, turubai ya kuanikia, amenenepa kidogo, muzuri. Akanipa kiti. Nikakataa kuikala mbele ya kusema. Nikasema yote nikiwa nimesimama, na yeye anageuza kakao. Niliposema juu ya mikwaruzo, akaacha.

"Nilikuambia," akasema. "Dada Masika, nilikuja ku lingerie nikakuambia: haiko juu, iko inashika ndani. Ulikuwa na sahani zako ku dirisha, unaweka sikio. Haukugeuka hata. Ulisema: sugua."

Sikukumbuka. Nimetafuta mu kichwa mupaka leo, siioni ile siku. Sahani ninazikumbuka zote tatu.

"Unisamehe, Kahindo."

Akaingia mu cuisine, akatoka na masufuria ine yenye moshi nyeusi, moja juu ya ingine, akaziweka mbele yangu. Akaenda tena, akaleta ndoo ya muchanga na bakuli ya majivu. Kiti yenye alinipa, akaikalia yeye.

"Sugua, basi," akasema. "Hizi ni sufuria."

Nilikunja kitenge, nikapiga magoti, nikasugua na mukono yangu ya kushoto. Ya kwanza nilimupa, akaigeuza, akaangalia tako yake, akaiweka pembeni. Ya pili vile vile. Ya tatu aliangalia murefu, akapitisha kidole chini ya mukono ya sufuria, akaniletea tena.

"Bado," akasema.

Nikashika muchanga.